Sukari Inayotengenezwa na Ini: Hesabu Yake Yaaminika?

Wanafunzi wengi tukisikia neno isotopu hukumbuka mtihani. Twajua kwamba atomu mbili za kitu kimoja zaweza kuwa na protoni sawa na nyutroni zisizo sawa. Twaandika hivyo katika karatasi, twasahihishiwa, na habari yakwisha hapo. Mwaka huu nimepata sababu ya kuitazama habari hiyo tena. Napenda kuwaeleza wenzangu, walimu wetu, na wazazi wanaosoma gazeti hili, maana inahusu ng'ombe wetu, maziwa yetu, na hata watoto wetu wanapougua.

Sababu yenyewe ni hii. Katika likizo ya Desemba mdogo wangu wa miaka minne alishikwa na malaria. Kutwa nzima alikataa chakula, na usiku akalegea kabisa. Mama akamwita, haitiki. Baba alimbeba kwa pikipiki ya jirani mpaka hospitali, nami na bibi tukawafuata. Muuguzi alimchoma mtoto kidole, akatia tone la damu katika kipimo kidogo, akasema sukari imeshuka mno. Mara wakamtilia maji ya sukari katika mshipa. Haukupita muda mrefu mtoto akafumbua macho akamtafuta mama yake. Leo ni mzima, naye anawasumbua watu wa nyumbani kama desturi yake.

Siku ile tuliporudi, bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe unayesoma, nieleze. Mtoto hakula siku moja tu, sukari ikamwishia. Ng'ombe yeye hali sukari tangu azaliwe, anakula majani, na maziwa yake ni matamu. Mbona yeye haanguki?" Sikuwa na jibu la kumtosha. Shule ilipofunguliwa nikampelekea Mwalimu wetu wa Biolojia swali la bibi kama lilivyo.

Mwalimu alicheka kidogo, akasema swali hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Kisha akanieleza. Ng'ombe akila majani, vijidudu vilivyomo katika tumbo lake kubwa la kwanza huyachachusha majani hayo, na wanga na sukari iliyomo hugeuzwa kuwa asidi. Glukosi inayofika katika damu kutoka matumboni ni kidogo sana. Basi ini la ng'ombe hupokea moja ya asidi hizo, iitwayo asidi propioniki, na kuijenga upya kuwa glukosi. Kazi hiyo haisimami, usiku wala mchana, ameshiba au ana njaa.

Tazameni ukubwa wa kazi hiyo. Katika lita 1 ya maziwa mna karibu gramu 48 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, na laktosi hiyo hujengwa kwa glukosi ya damu. Ng'ombe anayekamuliwa lita 3 tu kwa siku ametoa karibu gramu 145 za sukari ndani ya ndoo, wala hatujahesabu ile iliyotumika mwilini mwake mwenyewe. Yote hiyo ilianza kwa majani ya mlimani.

Sisi wanadamu mambo yetu ni mengine. Tukila ndizi, glukosi hutoka katika chakula. Tukilala njaa, ini hutoa akiba yake, na akiba ikipungua hutengeneza glukosi mpya kwa vitu vingine, kama vile asidi amino za misuli, asidi laktiki, na gliseroli itokayo katika mafuta. Mtoto mdogo akiba yake ni ndogo, na ubongo wake hutumia sukari nyingi. Kwa hiyo huanguka upesi kuliko mtu mzima.

Hapo nikauliza swali la pili. Je, mdogo wangu alipungukiwa sukari kwa sababu ini lake lilishindwa kuitengeneza, au kwa sababu mwili wenye homa uliitumia mno? Mwalimu akanipeleka dirishani akanionyesha tangi la maji lililo nyuma ya bweni. Akasema, "Ukichungulia ndani ukaona maji yamepungua, waweza kujua kama chemchemi imekauka au kama mtu ameacha bomba wazi?" Nikajibu siwezi. Akasema, "Basi kipimo cha kidole ni kule kuchungulia. Kinakuonyesha maji yamefika wapi, hakikwambii yanaingia kiasi gani wala yanatoka kiasi gani." Kwa mgonjwa wa usiku ule kipimo hicho kilitosha, maana dawa ya upungufu wa sukari ni kumpa sukari upesi. Lakini anayetaka kujua chanzo cha upungufu lazima apime maji yanayotiririka.

Nchi yetu ya Karagwe imewahi kuona upimaji wa namna nyingine. Mwaka 1861 Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika, na katika kitabu chake ameandika jinsi alivyompima kwa utepe mama mmoja wa jamaa ya mfalme, aliyenenepeshwa kwa maziwa. Utepe ule ulipima mkono na kifua. Safari ya maziwa yale mpaka yakawa nguvu na mafuta haukuweza kuipima. Kwa safari ya ndani inatakiwa alama inayoweza kwenda pamoja na chakula, na hiyo ndiyo kazi ya isotopu.

Aliyeanzisha njia hiyo ni George de Hevesy, mkemia mzaliwa wa Hungaria. Husimuliwa kwamba alipokaa Manchester alitia kitu chenye mnururisho katika mabaki ya chakula chake, akayagundua tena mezani siku zilizofuata, na mama mwenye nyumba akashikwa. Jambo lililo wazi zaidi ni kwamba mwaka 1923 aliipa mimea ya maharage risasi yenye mnururisho, akafuata jinsi mizizi na majani yalivyoipokea. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Kuanzia mwaka 1935 Rudolf Schoenheimer na David Rittenberg, huko New York, walitumia haidrojeni nzito kufuata mafuta katika miili ya panya. Tangu hapo watu wakaweza kumfuata mnyama aliye hai bila kumpasua.

Ili tufahamu hesabu yake, Mwalimu alituletea maharage mekundu, kama kilo 2, katika ndoo. Tuliyapaka rangi nyeupe maharage 100, tukayarudisha ndoani, tukachanganya vizuri. Kisha tukachota maharage 400 bila kuchagua. Kati ya hayo meupe yalikuwa 8. Hesabu yake ni nyepesi: 100 mara 400, gawanya kwa 8, jibu 5,000. Baadaye tuliyahesabu yote moja moja, kazi iliyotumaliza alasiri nzima, tukapata 4,870. Tulifurahi sana, maana kuchota mara moja kulitufikisha karibu na kweli.

Siku ya pili Mwalimu alitutegea mtego. Kabla hatujaingia darasani alifuta rangi ya maharage 20 bila kutuambia. Tukachota 400 tena, tukapata meupe 6, na hesabu ikasema yamo 6,667. Siku ya tatu aliyarejesha yale 20 katika weupe wao, kisha akabadili maharage mengine 30 mekundu kwa meupe 30. Tukapata meupe 11, hesabu ikasema 3,636. Maharage yalikuwa 4,870 siku zote tatu. Mwalimu akaandika ubaoni maneno haya: alama ikipotea, jibu hukua, alama ikirudi, jibu hupungua.

Sasa badala ya ndoo weka mwili. Mtaalamu hutia katika mshipa glukosi yenye alama, kidogo kidogo, kwa kipimo kisichobadilika, mpaka uwiano wake katika damu utulie. Kama anatia miligramu 1 kwa dakika, naye akaona katika kila sehemu 100 za glukosi ya damu moja ndiyo yenye alama, basi glukosi inayoingia katika damu ni karibu miligramu 100 kwa dakika. Ikiwa mnyama hajala, nyingi ya hiyo ni kazi ya ini, na figo huchangia kidogo. Njia hii ni nzuri sana. Lakini imejengwa juu ya masharti: alama isibanduke, isirudi, ichanganyike sawasawa, na mambo ya mwili yawe yametulia. Mwili haukuahidi kuyatii masharti hayo.

Chukua tritiamu, yaani haidrojeni yenye mnururisho, iliyowekwa kwenye kaboni ya pili ya glukosi. Glukosi hiyo ikiingia katika ini hufungwa na fosfati, na inapogeuzwa umbo kidogo ile haidrojeni huponyoka ikaingia katika maji. Kisha glukosi yaweza kutoka tena katika damu bila kutumika. Mwenye kuhesabu hudhani imetumika na nyingine mpya imetengenezwa. Hiyo ni rangi iliyofutwa, na jibu huwa kubwa kuliko kweli. Alama ikiwekwa kwenye kaboni ya sita hudumu zaidi.

Sasa chukua kaboni 14. Hiyo haibanduki kwa urahisi, lakini ina dosari nyingine. Misuli ikitumia glukosi hutoa asidi laktiki, nayo hurudi kwenye ini ikajengwa kuwa glukosi tena. Mzunguko huu huitwa kwa jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Kaboni yenye alama huzunguka pamoja nao na kutokea tena katika damu kana kwamba haikutumika. Hayo ndiyo maharage meupe yaliyorudi, na jibu huwa dogo kuliko kweli.

Shida ya tatu ni mabadiliko ya ghafula. Mwaka 1959 Robert Steele wa Marekani alitoa hesabu ya kutumia wakati sukari ya damu inapanda au kushuka. Alijua kwamba glukosi yote ya mwilini haichanganyiki kwa mara moja, kwa hiyo akahesabu sehemu yake tu, kama nusu, kuwa ndiyo inayobadilika upesi. Hesabu hiyo ilisaidia wengi. Lakini walipowapa watu insulini nyingi pamoja na glukosi ya mshipani, mara nyingine ilionyesha kwamba ini linatengeneza glukosi chini ya sifuri! Ini laweza kuacha kutengeneza, lakini haliwezi kutengeneza pungufu ya hakuna. Wataalamu wakachunguza. Wakaona kwamba uwiano wa alama ulikuwa ukiporomoka haraka kuliko hesabu ilivyoweza kufuata, na pengine glukosi yao yenye alama haikuwa safi. Mwaka 1987 Finegood, Bergman na Vranic walieleza dawa yake: tia alama pia katika ile glukosi ya mshipani, ili uwiano usiyumbe.

Shida ya nne yamhusu ng'ombe wa bibi. Mtu akitaka kujua ni sehemu gani ya glukosi imetoka katika asidi propioniki, huitia alama asidi hiyo. Lakini kabla haijawa glukosi hupita katika mzunguko wa Krebs, mahali ambapo kaboni za vyakula vingi hukutana na kubadilishana nafasi kama abiria kituoni. Baadhi ya alama hushuka njiani, na mchango wa asidi propioniki huonekana mdogo. Tena alama ya asidi ya siki yaweza kuonekana katika glukosi, ingawa mnyama hawezi kupata faida ya glukosi hata chembe kwa asidi hiyo. Alama imefika, mali haikufika.

Nilipomsimulia hayo rafiki yangu wa kitanda cha juu bwenini, alisema, "Basi hao wanabahatisha tu. Njia yenye makosa manne ya nini?" Tulibishana mpaka taa zikazimwa. Mimi sikukubali, nami nitaeleza kwa nini.

Kwanza, kosa lenye upande unaojulikana si sawa na bahati nasibu. Njia moja huzidisha, nyingine hupunguza. Ukizitumia zote mbili, kweli imo katikati, kama vile 4,870 ilivyokuwa kati ya 3,636 na 6,667. Tena tofauti yao yenyewe hukufundisha ni glukosi kiasi gani inazunguka na kurudi. Pili, ziko njia za kulishuhudia jibu. Ndoo ya maziwa ni shahidi mmoja: ukiambiwa ng'ombe anatengeneza glukosi ndogo kuliko laktosi uliyokamua, kataa. Shahidi mwingine ni kupima damu inayoingia katika ini na inayotoka, kazi iliyofanywa kwa kondoo na ng'ombe. Tatu, wenye njia hii hawakuficha jibu la chini ya sifuri. Walilitangaza, wakatafuta sababu.

Na matunda yake yamefika Afrika ya Mashariki. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanza mwaka 1989. Mwaka 1997 ilitangazwa kazi iliyofanyika huko kwa watoto wenye malaria. Watafiti hawakutumia mnururisho. Walitumia glukosi yenye haidrojeni nzito mbili kwenye kaboni ya sita, kitu kisicho na madhara ya mnururisho. Hata maji tunayoteka kila siku yana haidrojeni nzito kidogo, kama atomu 1 katika kila 6,400. Walipima glukosi inayotengenezwa, kisha wakawapa baadhi ya watoto alanini, moja ya zile asidi amino ambazo ini hulijengea glukosi. Utengenezaji ukaongezeka. Walihitimisha kwamba kwa watoto wale kilichopungua ni malighafi. Ini lenyewe lilikuwa bado lina uwezo wa kazi.

Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Kipimo cha kidole kisingeweza kamwe kusema neno hilo. Ndiyo maana naona habari ya kuaminika kwa hesabu si mchezo wa wataalamu. Jibu lililozidishwa lingewafanya madaktari wadhani ini la mtoto linafanya kazi ya kutosha, wakatafuta sababu mahali pengine. Jibu lililopunguzwa lingewafanya walilaumu ini lisilo na kosa. Nyuma ya kila tarakimu kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna mtoto wa mtu.

Wenzangu, nimejifunza kuuliza maswali matano kila nionapo hesabu ya namna hii. Alama iliwekwa wapi? Yaweza kupotea? Yaweza kurudi? Ilichanganyika? Na shahidi wake wa pili ni nani? Hayafai kwa sukari peke yake. Mtu akituletea idadi ya kahawa, ya samaki ziwani, au ya watu mkutanoni, maswali ni hayo hayo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mpimaji mwaminifu njia yake ni ndefu, maana hurudi nyuma mara kwa mara kuangalia alama zake kama zingalipo.

Bibi nilimpelekea jibu kwa simu ya Mwalimu, siku ya Jumapili: ng'ombe haanguki kwa sababu ini lake halikuzoea kungoja sukari ya kuletewa. Akasikiliza, akasema, "Kumbe ini la ente ni mwanamke wa shamba." Sijaona kitabu kilichoeleza vizuri kuliko hapo.

Ng'ombe wenye pembe ndefu wa Karagwe na Kyerwa bado tunao, na malaria bado ipo Kagera. Wanaotaka kusomea mifugo au udaktari katika darasa letu si wachache. Natumaini baadhi yetu tutakuwa wapimaji, na tutapima kwa uaminifu. Nawatakia wenzangu wote wa Kidato cha Nne mtihani mwema.